Neno la Kuwasimamisha Punda wa Loise

Mwezi ule wote baada ya mbio za mikokoteni, Hudson Okoth hakuwa na jina lake tena. Ungefika Voi ukamuulizia Okoth wa punda, mtu angekutazama kidogo, kisha angecheka na kusema, "Aa, Mzee Pole," halafu angekuelekeza mpaka mlangoni kwa furaha. Wauza mboga walimwita hivyo. Vijana wa bodaboda walimwita hivyo. Hata mchungaji alimtaja kwenye mahubiri, akasema kanisa lingekuwa na watu kumi wenye moyo wa Mzee Pole, Voi ingekuwa mji mwingine. Okoth mwenyewe alikuwa amekaa benchi la tatu, na alitazama viatu vyake tangu mchungaji alipomtaja hadi amina ya mwisho.

Watu walidhani ni unyenyekevu. Ilikuwa aibu, na nitakueleza ilikotoka.

Okoth alizaliwa kwenye laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa shamba la mkonge. Baba yake alitoka Alego kuja kukata mkonge kwa miaka miwili, akakaa thelathini na sita. Mtoto alikua akisikia kwato kabla ya kusikia jogoo, kwa sababu maji ya laini yaliletwa na punda, na alipomaliza darasa la saba ndiye aliyekabidhiwa punda hao. Sasa ana miaka hamsini na miwili, goti la kulia bovu, mkokoteni wake mwenyewe wenye matairi ya gari dogo, na punda wawili wanaosambaza maji mitaani mifereji ya Voi inapokauka, na inapokauka hukauka kweli. Akisikia punda akikohoa upande wa pili wa ukuta, atakuambia ni vumbi au ni ugonjwa.

Mbio zenyewe hufanyika kila Agosti, kutoka Maktau hadi uwanja wa Voi, siku mbili, kwa kulala Mwatate. Kila mkokoteni una punda wawili na mitungi kumi iliyojaa maji, na kila mtungi ukipotea unaongezewa dakika. Fimbo hairuhusiwi. Mwatate kuna daktari wa mifugo anayepapasa mabega, anayesikiliza vifua, na punda mwenye kidonda anabaki hapo hapo hata mwenyewe alie. Okoth alikuwa ameshinda mara tano, na hakuwa mtu wa kukuacha usahau. Ungemwambia tu habari ya asubuhi, ungejikuta umesimama dakika arobaini juani ukisikiliza jinsi gurudumu lilivyochomoka kwenye kona ya Bura mwaka wa mbio za pili.

Mbio hizi zina desturi moja ambayo lazima uijue. Kila mwenye punda ana neno lake la kuwasimamisha. Wapo wanaosema simama, lakini hao ndio huibiwa, kwa sababu mwizi naye anajua kusema simama. Mwenye akili huwafundisha punda wake neno lisilodhaniwa, na mwizi akiwachukua wanaenda naye mpaka mtaroni. Kuna bwana mmoja wa Njukini ambaye punda wake husimama wakisikia ushuru. La Okoth ni la Kijaluo na sitalitaja hapa, maana punda bado ni wake.

Sasa, mgeni wa mbio hapewi njia peke yake. Anapewa mlezi, mtu aliyekwisha kushinda au kumaliza mara nyingi, na jioni ile ya Mwatate mgeni anamkabidhi mlezi neno lake. Ni kwa ajili ya ajali. Dereva anaweza kuzimia kwa jua au kudondoka, na mkokoteni wenye maji lita mia mbili ukiteremka Voi bila mtu utaua. Kwa hiyo lazima awepo mwingine anayeweza kuwasimamisha. Hakuna kiapo wala karatasi ya kutia sahihi. Unaambiwa neno la mwenzako, unalinyamazia, na mbio zikiisha unalisahau.

Mwaka huu Okoth alipewa Loise Wakesho.

Loise alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Mwanda, kule juu ambako mashamba yamesimama wima na mzigo hubebwa na mgongo wa mtu. Aliolewa Mwatate, mume akaenda kutafuta kazi Mombasa, naye akanunua punda wawili na kuanza kuuza maji. Wazee wa mikokoteni walimcheka sana. Alifunga mikanda kinyume, akawapa punda majina ya Chumvi na Meneja, na alipofika kwenye mlima alishuka akasukuma. Lakini mwaka wa nne sasa, punda wake walikuwa wanang'aa, na hakuna aliyewahi kumwona na fimbo.

Jioni ile ya Mwatate, daktari alipomaliza kuwapima, Okoth alimwendea Loise, aliyekuwa anawakanda Chumvi na Meneja miguu.

"Haya, niambie neno," alisema.

Loise akaona haya. "Mzee, si utanicheka."

"Mimi nimesikia mpaka ushuru. Sema."

"Ni pole."

"Pole?"

"Pole tu. Nilipowanunua nilikuwa nawahurumia, hata kazi sikuijua. Tukifika kwa mlango wa mtu nawaambia pole, nawapa pumba. Sasa wameshika hivyo. Ukiwaambia pole hawaendi mahali mpaka wapate pumba yao."

"Na si watu wanasema pole kila saa? Utasimama mpaka kwa matanga."

"Ile ya watu ni fupi. Yangu naivuta. Jaribu, mzee. Hawa hawabagui sauti."

Okoth aliwaongoza hatua chache kwenye nyasi, kisha akaivuta. Pooole. Wakasimama papo hapo, kwato zote nane, wakamgeuzia midomo kutafuta pumba mkononi. Loise akamtilia konzi moja kiganjani, na Okoth akawalisha, akacheka, akasema katika miaka yake yote hajaona punda waliofundishwa kwa adabu hivyo. Alimaanisha.

"Sasa uko nayo," Loise alisema. "Nikianguka kesho, unajua."

"Huanguki. Na ukinipita nitakupigia makofi mimi mwenyewe."

Hilo pia alilimaanisha, jioni ile.

Siku ya pili, kabla ya kufika Ikanga, barabara inapanda kidogo. Si mlima wa kuutolea hadithi, lakini baada ya siku mbili na mitungi kumi ni mlima. Hapo dereva hushuka akakimbia kando ya punda wake ili awapunguzie mzigo. Okoth kwa miaka mingi alishuka. Mwaka huu goti lilikataa, akabaki juu, na punda wake wakambeba pamoja na maji. Alikuwa wa kwanza. Kisha akasikia kwato nyuma yake, na bila kugeuka akajua ni za nani, kwa sababu zilikwenda kwa mpangilio mmoja, taratibu, kama watu wanaotwanga kwa zamu.

Loise alikuwa chini, anakimbia kando ya Meneja, anachechemea. Asubuhi alijikwaa kwenye jiwe na kidole kilifungwa kitambaa chenye damu. Alikuwa anakuja tu, hatua kwa hatua, na kati yao zilibaki hatua kama ishirini.

Sitamtetea Okoth hapa. Kuna watu wakisimulia habari hii wanasema labda alishikwa na hofu, labda jua lilikuwa kali. Hatua ishirini ni muda wa kutosha. Alifikiri kwamba kati ya wageni wote aliowalea hakuna aliyewahi kumpita. Alifikiri kwamba amewaambia watu wote wa Voi hizi ndizo mbio zake za mwisho, na kwamba mke wake Nanzala na kina mama wa kanisa wako uwanjani na leso mpya wakimngoja. Alifikiri kwamba huyu ni mwanamke wa Mwanda, ambako punda ni wachache hata huoneshwa kwa kidole. Na aliangalia mbele na nyuma. Mbele kulikuwa na pikipiki iliyombeba Morris, mtangazaji, akipiga picha kwa simu na kutangaza kwa pamoja.

Loise akafika ubavuni. "Mzee, nipishe kidogo," akasema, akitabasamu huku anahema.

Okoth akamgeukia na kusema, kwa sauti ya kuvuta, "Pooole, mwanangu."

Chumvi na Meneja wakasimama. Mkokoteni ukawavuta nyuma, ukayumba, mtungi mmoja ukaruka ukapasuka, maji yakanywewa na udongo mwekundu wa murram kabla Loise hajageuka. Akawasihi, akawavuta. Wao walimtazama mikono tu, wakingoja chao, na mfuko wa pumba ulikuwa chini kabisa, chini ya mitungi. Okoth hakutazama nyuma.

Na Morris, ambaye aliona tu mzee na mwanamke anayechechemea, akapaza sauti kwenye simu yake: "Wasikilizaji, mmesikia hiyo? Dada ameumia mguu, na huyu mzee, katikati ya mashindano, bado ana nafasi ya kumpa pole."

Lile neno mwanangu ndilo lililomtesa Okoth baadaye kuliko lote. Neno pole angeweza kujidanganya kwamba lilimtoka tu. Mdomo wa mtu mzima unasema pole bila kuagizwa. Lakini aliongeza mwanangu ili lisikike kama huruma, na mtu aliyeteleza ulimi haongezi neno. Yeye aliliongeza, na alijua kwa nini.

Alishinda mbio za sita. Akapewa kikombe, na zaidi ya kikombe kamati ikampa cheti cha uungwana, ambacho hakikuwa kwenye ratiba. Walikiandika pale pale kwa kalamu baada ya kumsikiliza Morris. Kina mama waliimba, Nanzala akamvisha leso mabegani. Loise alifika wa tatu, akawafungua punda wake kwanza, akawanywesha, kisha akaja moja kwa moja kwa Okoth. Okoth alidhani amekuja kumuumbua mbele ya watu. Nusu yake ilitamani hivyo.

"Mzee, kosa ni langu," Loise alisema. "Wewe umenionea huruma ya mguu, mimi ndio nimefundisha wanyama neno ya kila mtu. Usijisikie vibaya."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Hakukuhitajika hotuba. Okoth akafungua mdomo, leso ikamteleza begani, Nanzala akairudisha, na alichosema ni, "Ni michezo."

Ni michezo. Alikwenda nayo nyumbani, akalala nayo.

Nanzala aliweka kikombe juu ya kabati la vyombo, akakitandikia kitambaa alichofuma mwenyewe, na cheti akakitia fremu. Kila mgeni aliyeingia alisomewa. Okoth akawa mtu wa kukaa nje. Alianza kusikia ni mara ngapi kwa siku watu wanasema pole. Mtu akijikwaa, pole. Akirudi kazini, pole na kazi. Akikohoa, pole. Hakuna mahali pa kujificha katika lugha hii, na yeye neno lenyewe lilikuwa limemkataa. Lynn, binti yao, alijichoma mkono kwa sufuria, na baba yake akasimama jikoni akimtazama, akasema, "Weka maji." Mtoto akashangaa.

Mume wa jirani yao Kavinya alipofariki, Okoth alipanga foleni na wengine kumpa mkono mjane. Watu waliokuwa mbele yake walisema pole sana, pole mama, Mungu akutie nguvu. Ilipofika zamu yake kimya kikaingia, kwa sababu alikuwa Mzee Pole na watu walitaka kumsikia akilisema. Alimshika Kavinya mkono, akafungua mdomo, halikuja. Akaondoka. Na unajua walisema nini? Walisema, tazameni, amezidiwa na uchungu. Sifa ikapanda tena. Alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, na pale kwenye ua wa minyaa akasimama na kujiambia kwa sauti kwamba yeye ni mwizi. Alikuwa amepewa neno alinde, akalitumia kuiba.

Wiki ya tano alikwenda Mwatate kutafuta beringi za gurudumu. Fundi wa beringi wako Voi pia, na yeye alilijua hilo. Penye bomba la maji hakuuona mkokoteni wa Loise, akawauliza kina mama waliokuwa wanateka.

"Loise hajaleta maji tangu zile mbio," mmoja akamwambia. "Ako kwake anafundisha punda upya. Na wewe ni Mzee Pole, ama?"

Okoth akashusha kofia usoni. Alipanda njia ya kwenda kwa Loise taratibu, goti likiuma, na kabla hajafika langoni alisikia sauti yake ikivuta lile neno, kisha akasikia kipigo.

Loise alikuwa uani na Chumvi. Mkononi alikuwa na kipande cha mpira mweusi wa bomba. Alipomwona Okoth aliuficha nyuma yake kwa aibu, kisha akaona haina maana, akautoa.

"Karibu, mzee. Unanipata vibaya. Ngoja nikutolee kiti."

"Usilete kiti. Unafanya nini, Loise?"

"Naitoa ile neno." Alijifuta jasho. "Haifai. Nimekaa nikafikiria, kama mtu mzuri kama wewe anaweza kunisimamishia punda bila kujua, siku nyingine ni kwa barabara ya lori. Dunia yote inasema pole. Kwa hivyo nasema, fupi na ya kuvuta, wakisimama nachapa, wakienda nawapa pumba. Meneja ameshika haraka. Huyu ndiye mgumu. Huyu aliipenda hiyo neno."

Chumvi alikuwa na michirizi matakoni, mingine ya zamani imeota ukoko, mmoja mbichi. Okoth amekaa na punda miaka arobaini, na huwa anajua akitazama tu kidonda kina siku ngapi. Alihesabu bila kutaka. Vilianza wiki ile ile ya mbio.

Alisema haraka, kwa sababu alijijua. "Haikuwa bahati mbaya. Niliwasimamisha."

"Sijakusikia vizuri."

"Pale mlimani. Niliita neno lako. Niliivuta vile ulinionyesha Mwatate. Ulikuwa unanipita na sikutaka unipite. Mguu wako hata sikuufikiria."

Loise hakupiga kelele, hakumwita jina lolote kati ya yale ambayo Okoth alikuwa amejiandalia kuitwa njia nzima. Alitazama mpira mkononi mwake kana kwamba alikuwa amepewa na mtu aushike kidogo.

"Sijawahi kumpiga," akasema. "Miaka minne. Nimemchapa mwezi mzima kwa sababu alinisikiliza."

"Jumamosi nitaenda kwa kamati. Nitawaambia mbele ya watu. Kikombe ni chako, na kile cheti nitakichana."

"Kikombe nitanyweshea nani?"

Okoth alivua kofia. Neno lililomkataa kwa Lynn na kwa Kavinya sasa lilikuwa limefika kooni, zima, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti lilikuwa lake kweli. "Loise, po—"

"Mimi usiniambie." Aliutupa ule mpira chini. "Mwambie huyo."

Okoth alidhani anamdhihaki, akamtazama, akaona hadhihaki. Basi akamwendea Chumvi, mzee wa mbio sita, kofia mkononi, akasimama mbele ya uso wake kwa umbali wa kumgusa. Hakulivuta neno. Alilisema kama linavyosemwa na watu, fupi, kwa sauti ndogo, kwa sababu ndivyo alivyolihisi.

"Pole."

Masikio ya Chumvi yakalala. Akageuka upesi, akampita Okoth bila kumgusa, akaenda hadi mwisho wa ua penye uzio wa miba ambapo hapakuwa na pa kwenda tena, akawapa mgongo, na akasimama hapo akitetemeka ngozi, akingoja kupigwa.